Vichwa Vikubwa Ulivyonichagulia

Shikamoo, baba.

Sitasubiri uitikie. Nimekaa barazani kwako hapa Nassa, kwenye kigoda chako, na mama ameingia jikoni kusonga ugali huku akijifanya hanioni. Anadhani naandika maneno ya kwenda kusema Bariadi. Ni kweli nayaandika hayo, ila nimeona nikuambie wewe kwanza. Kesho nikishafungua mdomo kwenye ule mkutano wa mkoa kuhusu ghuba, jina lako halitabaki kama lilivyo leo, na sitaki ulisikie kwa Maduhu, rafiki yako wa zamani.

Nianze na yatakayokufurahisha. Sato wamerudi. Ukisimama pale kwenye majabali ulipokuwa unafulia shati lako la kanisani, kwa kuwa ulisema mama anaharibu kola, unawaona wakijigeuza kwenye maji ya kina kifupi. Wakaanga samaki wa barabarani wamefungua tena vibanda vyao. Mama amevuna pamba peke yake mwaka huu, lakini safari hii si kwa kukosa watu. Walikuja wenyewe kuomba wamsaidie, akawajibu kwamba ameshazoea.

Na wewe unapendwa, baba. Hilo ndilo linaloniudhi. Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wameweka kibao, "Ghuba ya Mzee Shija", kimeandikwa na kijana yuleyule aliyeandika "msaliti" kwa mkaa kwenye ukuta wetu. Nimeutambua mwandiko wake. Maduhu ametenga dume jekundu la ng'ombe la kuja kuchinja hapa nyumbani, ili kijiji kizima kikuombe radhi kaburini. Nilipofika juzi alinishika mikono yote miwili akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa sauti ileile aliyokuwa akikusalimia nayo wewe, kabla hajaacha kukusalimia. Nilimwitikia. Ulinilea vibaya, ulinifundisha kuitikia kila mtu.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa nimekuja likizo, ndiyo kwanza nimepata ile kazi ya maabara Mwanza, nikapasua kichwa cha sato hapahapa barazani ili nikuonyeshe ninacholipwa mshahara kwa ajili yake. Nikatoa kwa kibano vile vijiwe viwili vya sikio, kimoja kila upande, nikakuwekea kiganjani. Vyeupe, bapa, vidogo kama mbegu za tango. Nikakueleza kwamba samaki anakua navyo, na kwamba ukingo wa kijiwe unachongwa na maji aliyokulia, chakula alichokula, na damu ya wazazi wake. Tukiupiga picha na kompyuta ikaufuata ule ukingo, tunaweza kulinganisha samaki wa hapa na wa kule, tukajua kama ni kundi moja au ni makundi mawili yasiyochanganyika. Ukauliza kama samaki anatusikia tukija na nyavu. Nikasema anasikia. Ukasema basi ni mkaidi kama mama yangu, anasikia na bado anakuja. Mama alikuwa mlangoni, akakunyang'anya sahani.

Nilikupenda sana siku ile. Ulivirudisha vijiwe kwenye karatasi yangu kimoja kimoja, kwa vidole vile vya kuvuta kamba, bila kukiangusha hata kimoja.

Kazi ilitaka vichwa vya sato wa Nassa na vichwa vya sato wa Lamadi. Vya Lamadi bosi wangu alivinunua sokoni mwenyewe, kwa ndoo, vya ukubwa wowote waliomjazia. Vya Nassa ukasema nikuachie wewe. Nikamuuliza bosi kwa nini tusichukue samaki mzima tumpime urefu, akasema samaki mzima ni gharama, kichwa kinatosha. Basi ukawa unavifukia kwenye chumvi, unavitia kwenye ndoo yenye mfuniko, unampa kondakta wa basi la Mwanza. Abiria walilalamikia harufu. Yule kondakta mpaka leo akiniona stendi ananiita dada wa vichwa.

Na nilijua unajinyima nini. Katika nyumba hii kichwa cha samaki ni cha baba. Tumekua tukikutazama ukikivunja taratibu, unanyonya mashavu, unaacha macho mwishoni, na hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa hata ukiwa safarini. Msimu ule wote mama anasema ulikula mikia. Alikutania kwamba binti amekushusha cheo, ukamwambia binti anasoma vichwa, wewe ulikuwa unavila tu.

Majibu yakatoka. Vijiwe vya Nassa vilikuwa virefu, ukingo wake una meno-meno. Vya Lamadi vilikuwa vya mviringo na laini. Kompyuta ilivitenga bila kusita, na bosi akaandika kwamba sato wa ghuba ya Nassa ni kundi la peke yake. Nilikueleza kwa simu maana yake: kama ni kundi la peke yake, wakimalizwa hakuna wengine watakaotoka Lamadi kuja kujaza nafasi. Nikakuambia pia usubiri, tunataka kurudia kipimo.

Hukusubiri. Kwa nini hukusubiri, baba? Ulikuwa mwenyekiti wa mwalo, watu walikuwa wanavua mpaka vitoto vya sato kwa vyandarua, na wewe ulikuwa umechoka kuwasemesha bila kusikilizwa. Ukasimama kwenye mkutano ukasema, "Mwanangu ameyasoma mawe. Hawa samaki ni wa hapa, wakiisha wameisha." Ukatia saini ghuba ifungwe. Doria ikaja, nyavu za watu zikachomwa moto palepale mwaloni, na za Maduhu zikiwamo.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, mimi nilikuwa Mwanza nakula chakula cha mchana na watu wanaoongea nami. Walikutenga. Maduhu, mshenga wako, mtu aliyekwenda kukuposea mama, ndiye aliyeongoza kikao. Salamu zako hazikuitikiwa. Mama akienda dukani, muuzaji anaweka chumvi juu ya meza anageuka kuangalia rafu. Pamba ilidondoka shambani kwa kukosa wachumaji. Majirani walipofiwa hukuitwa kuzika, na hilo najua lilikuuma kuliko pamba, maana hapa kijijini hakuna kaburi ambalo jembe lako halikuligusa.

Walikuachia mlango mmoja wa kurudi. Ufike kikaoni, ukane maneno yako, utoe ng'ombe, yaishe. Maduhu mwenyewe ndiye aliyetumwa kukuambia, na mama alisikia ulivyomjibu: "Nitayakanaje mawe ya mwanangu?"

Jibu hilo nimelibeba kama zawadi tangu ulipokufa. Sasa linanichoma.

Asubuhi ulipolegea upande wa kushoto, mama alizunguka kwa wenye bodaboda na kwa wenye gari. Huyu hana mafuta, yule pancha, mwingine hakutoka hata mlangoni. Akakuweka kwenye mkokoteni wa maji akausukuma mwenyewe mpaka barabara kubwa. Pale ndipo Sada alipowakuta. Ni yule mchuuzi wa samaki wa Lamadi aliyekuwa anakulalia bei, na wewe ukimwita tapeli anacheka. Kirikuu yake, kigari cha mizigo, ilikuwa imejaa samaki na barafu. Alishusha makreti yote kandokando ya lami, akakulaza kwenye bati lenye maji ya samaki, akakuwekea kanga yake chini ya kichwa. Samaki wake walioza palepale juani. Ulifika hospitali ukiwa hai, na jioni hukuwapo. Mimi nilikuta umeshafunikwa, na Sada amekaa kwenye benchi la nje ananuka sato kama wewe.

Kaburi lako walilichimba watu wa Lamadi. Sijui kama uliko mnaambiwa mambo hayo, ndiyo maana nakuandikia. Watu wa hapa walisimama mbali, kwenye uzio wa minyaa, wakiangalia Waislamu wa mjini wakikuzika wewe mzee wa kanisa.

Basi ghuba ikaendelea kufungwa, na samaki wakarudi, na walipoanza kuonekana ndipo kijiji kilipogundua kwamba kilikuwa na mzee mwenye busara. Maneno yako wakayachukua, baba, ila wakayageuza. Wewe ulisema samaki ni wa hapa ukimaanisha tuwatunze. Wao wanasema samaki ni wa hapa, basi ni wetu. Ghuba ikifunguliwa wanataka ivuliwe na mitumbwi ya Nassa peke yake, na kesho wanakwenda Bariadi kuomba iwe sheria. Mitumbwi ya Lamadi imeshaanza kufukuzwa. Sada alikuwa na mtumbwi mmoja na vijana wanaomvulia, nao ulisimamishwa nje kabisa ya mpaka wa ghuba, nyavu zikachukuliwa. Maduhu aliwaambia mawe yalishasema.

Mimi ndiye niliyeombwa kupeleka ushahidi. Bosi yule alishahama, amepanda cheo yuko Dar, na ofisi ikaniambia nirudie kipimo ili nisiende na karatasi ya zamani. Nikafurahi. Nilifikiri nakwenda kuyapigilia msumari maneno yako. Safari hii nilipanda boti ya doria mwenyewe, nikachukua samaki kama nyavu zilivyowatoa, mkubwa kwa mdogo, wazima, nikawapima mmoja mmoja, wa huku na wa Lamadi. Kisha nikavitoa vijiwe, nikavisafisha, nikavipiga picha.

Wadogo wa Nassa na wadogo wa Lamadi ni walewale. Wakubwa wa Nassa na wakubwa wa Lamadi ni walewale. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Kompyuta ilikataa kuwatenganisha.

Nikavifungua vipakiti vya zamani, vile ulivyonitumia wewe. Nikavimwaga kwenye sahani, na kabla hata ya kuvipeleka kwenye hadubini nikaona. Vyote vilikuwa vikubwa. Hakukuwa na kijiwe cha samaki mdogo hata kimoja. Kijiwe cha sato kinabadilika umbo kadiri anavyokua, baba. Akiwa mdogo ni mviringo laini, akizeeka kinarefuka na kuota meno. Tulilinganisha wazee wa Nassa na vijana wa Lamadi, tukasema ni makabila mawili.

Nilikuja kumwuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Kwani wewe ulitaka apeleke vitoto kwa wakubwa wako wa kazi? Baba yako alikuwa anachagua. Vidogo tulikula sisi. Alikuwa anasema, mwanangu ataaibika."

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye choo cha jirani, kwa sababu kwetu ningesikika. Nililia kwa hasira. Nani alikutuma uchague? Nilikuambia vichwa, sikukuambia vichwa vizuri. Ulinifanyia kama unavyomfanyia mkwe aliyekuja mgeni, kuku mwenye mafuta kwa mgeni, kichwa kikubwa kwa ofisi ya mwanao. Heshima zako, baba. Heshima zako ndizo zilizofunga ghuba, zikachoma nyavu za Maduhu, zikakupandisha kwenye mkokoteni wa maji. Ulitengwa ukitetea mawe ambayo ulikuwa umeyapanga wewe mwenyewe bila kujua.

Halafu nikamkasirikia bosi, na kwake hasira haijaisha. Yeye alikuwa na shule yote ya kujua kwamba kichwa bila urefu wa samaki ni nusu ya habari. Nilimpigia simu. Alinisikiliza vizuri, akasema ndivyo sayansi inavyokwenda, leo tunasema hivi, kesho tunarekebisha. Kisha akaniuliza hali ya hewa ya Mwanza. Yeye hakuna mtu aliyeacha kumwitikia salamu, baba. Hakuna aliyemnyima mafuta.

Sitakuficha, nilitaka kunyamaza. Nikisema ukweli, kesho hiyohiyo kibao kitang'olewa, na dume litarudi zizini. Watasema, si tulisema? Watasema tulikuwa na haki, mzee na binti yake walitudanganya. Walikutesa ukiwa hai, na mimi ndiye nitakayewapa sababu. Nikinyamaza utabaki Mzee Shija wa ghuba, watoto watalisoma jina lako wakienda kuogelea, na mama atakaa kwenye kiti cha mbele mara moja kabla hajafa. Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Ile karatasi mpya nilikuwa nimeikunja nimeiweka chini ya begi.

Sada akanipigia. Hakunilaumu, hakunikumbusha kirikuu wala samaki waliooza, na laiti angenikumbusha ningepata mahali pa kumkasirikia. Aliniuliza mama anaendeleaje na miguu. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Dada, hivi hayo mawe ya baba yako yanasema mimi ni nani?"

Nilisema mtandao unakatika, nikakata.

Kwa hiyo kesho nitasema. Nitasema sato wa ghuba hii na sato wa Lamadi, kwa vijiwe nilivyopima, ni kundi moja. Wanazaliana hapa kwenye maji yetu ya kina kifupi, ndiyo maana kufunga kulisaidia na lazima kuendelee kila msimu wa kuzaana, lakini wakikua wanaondoka kwenda kwa wengine, na wa wengine wanakuja kwetu. Anayewatunza hawamiliki. Na wakiuliza kwa nini mara ya kwanza mawe yalisema vingine, sitasema mashine. Nitasema baba yangu alichagua vichwa vikubwa kwa sababu alidhani vidogo ni dharau kwa ofisi, na ofisi haikumuuliza. Wacheke wanaotaka kucheka.

Uchungu wangu ni kwamba watasamehewa bure. Nimejitahidi kutafuta namna ya kusema ukweli ambao Maduhu hatalala nao vizuri, nimeikosa. Atalala vizuri. Labda, usiku mmoja, atakumbuka kwamba kukosea kwako hakukuwa sababu ya pikipiki kukosa mafuta. Sitegemei.

Mama nimeshamwambia. Nilidhani atanisihi, maana ile siku ya dume alikuwa ameshaiwekea kitenge kipya. Aliendelea kuchambua mchele ambao ulishachambuka. Kisha akasema basi huyo ng'ombe asije, hata sufuria ya kumpikia hapa nyumbani hakuna. Kitenge alikikunja akakirudisha sandukuni, nami nilijifanya natafuta kalamu.

Njia ya Bariadi inapita Lamadi. Nimemwandikia Sada ujumbe anisubiri pale kituoni, tutakwenda wote, na kwenye mkutano atakaa karibu na mimi ili Maduhu akinitazama mimi amwone na yeye. Ahadi hiyo ya kwanza nakupa. Ya pili ni kwamba kibao kikishang'olewa nitakiomba. Nitakipaka rangi upya nikipigilie hapa barazani, sehemu ya "ghuba" nitaifuta, libaki jina lako tu.

Mama ameniita. Amepika sato, nimemnunua mwenyewe asubuhi kwa vijana wanaovua nje ya ghuba, nikawaambia wanipe yeyote atakayetangulia mkononi. Ni mdogo. Tangu ufe mama hampi mtu kichwa, anakiacha kwenye sufuria mpaka asubuhi kisha anamtupia paka. Leo naona amekiweka kwenye sahani yako na sahani ameiweka mbele ya kigoda nilichokalia.

Nitakila, baba, na vijiwe vyake nitavitema kwenye mchanga kama ulivyokuwa unatema wewe kabla sijakufundisha thamani yake. Kaa huko kwa amani kadiri unavyoweza. Vile vichwa vikubwa vilikuwa vyako. Ungevila tu.

Mwanao,
Kabula